Kipoyi Nisichokibeba

Bega langu la kushoto lina kinundu. Si ugonjwa. Daktari mmoja kijana wa mji wa Baraka alikigusa akataka kukipasua, nikamwambia arudishe kisu chake mahali alipokitoa, kinundu hiki ndiyo diploma yangu. Shule niliacha darasa la tatu. Sikufukuzwa, niliacha mwenyewe, kwa sababu mwalimu alikuwa anatutuma kulima shamba lake, na kulima nilikuwa nimekwisha kujua. Kuandika nimejifunza ukubwani, kwa Biblia na kwa maandishi ya magunia ya unga. Kama herufi zangu zinakwenda kombo, msomaji anisamehe ao asinisamehe, mimi naendelea.

Kinundu kililetwa na kipoyi. Leo mgonjwa anapandishwa pikipiki, anabanwa katikati ya dereva na ndugu yake kama gunia la muhogo, kichwa kinaangukia huku na huku, na watu wanaita hiyo maendeleo. Sisi tulikuwa na mianzi miwili mirefu, blanketi limefungwa katikati kwa kamba, watu wanne chini yake, na wengine wanafuata mikono mitupu wakingoja zamu. Ndicho kipoyi. Mimi nilikuwa kapita wa wabebaji wa Fizi, juu mlimani. Nilipanga nani akae mbele na nani nyuma, nani ni mrefu kwa hiyo ashike upande wa bonde. Nikiita "Geuza", mabega yote yaligeuka pamoja, toka kushoto kwenda kulia, na mgonjwa hakujua kitu. Nimeshusha Baraka wanawake wenye uchungu wa kuzaa, wazee wenye ngiri, watu waliokatwa na panga kwa ajili ya mpaka wa shamba. Hakuna aliyeanguka mikononi mwangu. Semeni mengine yote juu yangu, hilo hamtalisema.

Jioni nikirudi, bibi yangu, mke wangu wa ndoa, alipasha mafuta ya mawese kwenye kifuniko cha sufuria. Alinipakaa kinundu kwa kidole gumba, akikizungusha polepole kama mtu anayetafuta kokwa ndani ya tunda. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Alisema, "Hii jiwe yako inakomaa. Siku moja itaota majani." Basi, hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu. Leo nikifumba macho, kidole gumba kile kinakuja kwanza, uso wake unafuata nyuma.

Kuna sheria moja ya kipoyi ambayo lazima niieleze, kwa maana habari hii yote imekaa juu yake. Mwenye mgonjwa hashiki mti. Mwenye mgonjwa ni yule wa nyumbani: bwana, mtoto, ndugu wa tumbo moja. Yeye anatembea nyuma, amebeba sufuria na mkeka, na kuku kama kuku yupo. Haweki bega. Zamani, kabla yangu, kijana mmoja alimbeba mama yake mzazi. Mama akaguna, kijana akageuza shingo kumtazama, mti ukateleza. Mama alikuwa anakwenda kutibiwa jino. Walimrudisha nyumbani kumzika. Tangu hapo wazee wakakataza. Mimi niliikuta sheria hiyo nikaikaza zaidi. Nimewafukuza mabwana kwenye mti wakilia. Nimemfukuza hata mkubwa mmoja wa ofisi, amevaa tai, akaniuliza kama namjua yeye ni nani, nikamwambia namjua, ni mwenye mgonjwa, apite nyuma.

Vita ya kwanza ilitupita kama mvua ya upepo, ilivunja ikaenda. Ya pili ilikuja ikakaa, ikapika, ikalala. Tulikuwa tunaficha mianzi ya vipoyi ndani ya majani ya paa, kwa sababu mwenye bunduki akiona mti mlangoni mwako anajua una bega, anakuchukua kumbebea masanduku ya risasi mpaka huko asikokujua mama yako. Hata hivyo tulibeba. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko zamani, na gari la kupanda Fizi halikuwepo tena.

Siku ninayoiandika ilikuwa siku ya soko. Bibi yangu alikwenda kununua chumvi. Mimi nilikuwa bondeni nakata mianzi mipya. Nikasikia bunduki zikilia upande wa soko, si nyingi, kama watu wanaopigana juu ya kitu wanachotaka kubeba upesi. Zilipokaa kimya nikapanda.

Majeruhi walikuwa wamelazwa kwenye baraza la kanisa. Mwenye kazi pale alikuwa mama muganga, ndivyo tulivyomwita, mwuguzi wa kituo chetu cha afya, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwanaume. Siku ile alikuwa peku, viatu alivipoteza akikimbia. Alikuwa amechana kitenge chake mwenyewe vipande vyembamba na kuvitundika shingoni. Alipita kwa kila mtu, akapeleka shavu karibu na mdomo wake kusikia pumzi, akaminya ukucha na kutazama kama wekundu unarudi, halafu akauliza swali moja kwa wote: "Leo asubuhi umekula nini?" Mtu akijibu vizuri, alimfunga kitambaa kwenye mguu, maana yake atafuata. Asiyejibu alifungwa kwenye mkono, maana yake atangulie. Wengine hakuwafunga kitu. Aliwavutia nguo mpaka kidevuni, akawaweka upande wa kivuli, akamwita katekista akae nao.

Nilimkuta bibi yangu penye pembe, karibu na ngoma ya kanisa. Risasi ilikuwa imeingia kwenye paja na kuvunja mfupa. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Aliponiona alisema chumvi yote imemwagika, na kwamba mwenye kuiuza amekimbia na chenji. Mama muganga akafika, akamwuliza alichokula.

"Bugali na sombe," bibi yangu akajibu. "Na huyu hapa alikula kunipita."

Watu waliolala pale wenye nguvu za kucheka walicheka. Mama muganga akamfunga kitambaa kwenye mguu mzima. Nilikitazama kitambaa kile. Nikajua.

Aliyefungwa mkono alikuwa mwanamke mmoja wa pwani, Mwislamu, mtandio wake umeshikamana na damu. Alikuwa amepanda kutoka ziwani na beseni la ndagala, wale samaki wadogo wakavu, kuuza. Ndagala walikuwa wametawanyika sokoni, watu wanawakanyaga. Risasi ilimpata chini ya mbavu. Ukucha wake mama muganga aliuminya, ukabaki mweupe. Waliokuja naye hawakuonekana. Hakuna aliyejua jina lake. Alikuwa hana mwenyewe.

Nikamwambia mama muganga kwamba mimi nitashuka na wangu. Alikuwa amepiga magoti, hakuinua kichwa.

"Wako iko na sema, kapita. Huyu hasemi tena. Huyu anatangulia."

Nikamjibu kwamba wabebaji wengine wapo, wambebe wao. Hapo akainuka, akajifuta mikono kwenye kiuno, akaniangalia kama mtu anayeangalia mzigo atauinulia wapi.

"Kipoyi ya kwanza inapashwa kukimbia bila kutingizika. Nani anajua ile, kama si we? Na ile sheria yako inasema aje? Ukifuata bibi yako, utabeba sufuria tu. Bega yako kwake ni ya bure. Kwa huyu mama iko na kazi."

Sheria niliyowapigia wengine ilikuwa mkononi mwake, ananipiga nayo mbele ya watu, na alikuwa na haki. Nilimchukia mwanamke yule siku nzima ile. Alipokufa, miaka mingi baadaye, nilikuwa wa kwanza kufika msibani.

Bibi yangu akaona nimesimama kama mti. "Baba batoto, enda," akasema. "Mi najua kungoja. Tangu unioe sijafanya kazi ingine." Wakacheka tena. Mimi sikucheka.

Kabla ya kuondoka nilifanya jambo moja. Nilichukua mwanzi niliotoka kuukata, nikaupasua, nikatoa mbao nyembamba za kufungia paja lake. Nikazikwangua kwa kisu kila upande mpaka zikawa laini kama kijiko, zisimchome. Mama muganga akasema inatosha. Nikakwangua tena. Halafu nikawapanga wabebaji wa kipoyi cha pili, nikamweka shemeji yangu, mdogo wake wa kiume, awe mwenye mgonjwa na ashike sufuria. Nikamwambia akigusa mti nitajua.

Sisi tukatangulia. Kwa desturi yetu mzima anakwenda kichwa mbele. Miguu mbele ni ya maiti. Kuelekea Baraka njia inateremka, kwa hiyo kichwa kinakuwa chini na miguu juu. Wenye mgonjwa wengi wanalalamika. Safari hii mama muganga ndiye aliyetaka hivyo, ili damu iliyobaki ikae karibu na moyo. Tulikwenda ule mwendo wetu wa kukimbia kwa magoti tu, viuno vimetulia, na kwenye blanketi hakukuwa na mtikisiko. Naweza kusema ndiyo safari niliyobeba vizuri kuliko zote. Hakuna mtu wangu aliyeiona.

Wabebaji wanaimba. Mmoja anatoa neno, wengine wanajibu kwa pumzi, hivyo miguu inakubaliana. Sisi siku ile hatukuimba, ili tusikie kama mama wa ndagala anapumua. Lakini nyuma yetu juu mlimani, njia inapopindapinda, nilisikia wimbo wa kipoyi cha pili. Walikwenda polepole, mfupa uliovunjika haukimbizwi. Kila tulipofika kwenye kona niliusikia, kila tulipoingia bondeni ukapotea. Nilijipa hesabu ya kijinga: wimbo ukiwapo, yupo. Mwenzangu wa mti wa nyuma akaniambia, kapita, unatega masikio kama mbwa, angalia mawe. Alikuwa mdogo kwangu kwa umri, lakini mti haujui umri, nikaangalia mawe. Tulipofika mto Mutambala, daraja lilikuwa limevunjwa, tukavuka na mianzi juu ya vichwa, maji kifuani. Ng'ambo ya pili nikasimama kusikiliza. Maji yalikuwa na kelele. Toka hapo sikuusikia wimbo tena.

Tulifika Baraka jua likiwa linazama. Hospitalini alikuwepo daktari mmoja tu, mtu wa kwetu, wengine walikuwa wamekwisha kuvuka ziwa. Akauliza mwenye mgonjwa ni nani. Wabebaji wangu wakatazamana, halafu wakanitazama mimi. Mgonjwa asiye na mtu hapokelewi vizuri mahali popote duniani, sijali mtasema nini. Lazima awepo wa kuitwa, wa kuchota maji, wa kuambiwa amekufa.

Nikasema, "Ni mimi."

Wakampasua, wakamshona ndani, na asubuhi akawa bado anapumua, ila mweupe midomo yote. Daktari akasema sindano haisaidii tena, sasa ni damu, na damu inatoka kwa mwenye mgonjwa. Wakanichoma kidole. Mtu wa laboratwari akarudi anatabasamu, akasema, mzee, damu yako ni ile inayoingia kwa watu wote. Nilijua hivyo kabla hajaniambia. Nikalala kwenye kitanda kando ya mama wa ndagala, damu ikaanza kushuka kwa mpira mwembamba toka mkononi mwangu kwenda kwenye mfuko.

Nilikuwa bado nimelala pale mbebaji wangu mmoja alipochungulia dirishani. Alisema kipoyi cha pili kimefika. Walikuwa wamelala kijiji cha njiani, bibi yangu mzima, bado anaongea. Lakini hawakumwingiza hospitalini hata kidogo. Daktari alimtazama pale mlangoni, akasema mfupa wa paja hauwezi kufungwa hapa tena, vitu vimekwisha, apelekwe ng'ambo, Kigoma, na boti ya kuvusha majeruhi imo pwani tayari. Wamempeleka moja kwa moja. Na boti inataka kuondoka, kwa sababu watu wanasema wenye bunduki wanashuka na ile njia tuliyokuja nayo.

"Kapita, inuka," akasema.

Mtu wa laboratwari akaniwekea kiganja kifuani. Mfuko ulikuwa haujajaa. Nikageuka nikatazama midomo ya yule mama. Nikabaki.

Sikubaki kwa wema. Nataka mjue hivyo, msije mkanitengenezea sifa nisizoziomba, ninazo zangu za kutosha. Nilibaki kwa sababu nilizijua boti za Baraka. Boti ya Baraka inangoja. Inangoja abiria, inangoja mafuta, inangoja mwenye boti amalize kula samaki wake na kunawa. Inasema inaondoka, na wewe unakwenda sokoni, unarudi, unaikuta imefungwa kwenye jiwe lilelile. Maisha yangu yote sikuwahi kuona boti ya Baraka inaondoka wakati iliposema. Nikajiambia nitamaliza kutoa damu, nitakunywa chai ya sukari, nitashuka pwani, na nitamkuta bibi yangu amelala mchangani anamgombeza shemeji.

Siku ile iliondoka iliposema.

Nilipofika pwani miguu ilikuwa myepesi kama ya mtu mwingine. Boti ilikuwa imekwisha kuingia majini, lakini si mbali. Anayeijua Baraka anajua kwamba mbele yake kuna Ubwari, ule mkono mrefu wa milima unaofunga ziwa. Boti haiwezi kukata moja kwa moja kwenda ng'ambo. Lazima ipande kwanza kaskazini ndani ya ghuba, izunguke ncha ya Ubwari, ndipo ishike njia ya Kigoma. Na mota yake ilikuwa mbovu, inakohoa. Basi ilikuwa inakwenda kando ya pwani kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nami nikatembea.

Nilimwona. Walikuwa wamemwegemeza kwenye magunia, mguu umenyooka ndani ya mianzi yangu. Naye akaniona. Tulitembea hivyo, yeye majini na mimi mchangani, tunazungumza kwa sauti kubwa kama majirani wenye mto katikati. Aliniuliza mbona nina uso mweupe. Nikasema nimetoa damu. Akauliza nimempa nani. Nikasema yule mama wa ndagala.

Halafu akasema, "Kumbe umeniletea mke mwenzangu. Na hata hujaniuliza."

Boti nzima ikacheka, hata waliokuwa wanatoka damu. Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa juu ya sufuria, sijui alikuwa anacheka ao analia. Nikamwambia bibi yangu kwamba nitafuata na boti ya kesho. Akasema sawa. Nikamwuliza kama mianzi inamchoma. Akasema haimchomi, iko laini, ni kitu cha kwanza nilichompa kisichokwaruza. Mbele yangu mchanga ulikuwa unakwisha. Kuna mahali mto unaingia ziwani na matete yanaanza, mtu hapiti. Naye aliona kwamba mchanga unakwisha. Akainuka kwa mikono yake miwili juu ya magunia, akaita:

"Ile bega yako. Usipe muntu mwengine apakae."

Nikaingia kwenye matete mpaka kiunoni. Mota ikaendelea kukohoa. Kwa kuwa ghuba ni ndefu, boti haikupotea upesi kama mtu angependa. Ilizidi kuwa ndogo, na niliendelea kuiona hata pale sikuweza tena kujua ni boti ao ni jiwe.

Boti ya kesho haikuwepo. Mchana uleule wenye bunduki waliingia Baraka, tukapanda milimani, mama wa ndagala mgongoni mwa wabebaji wangu. Mtaniuliza kwa nini sikuvuka baadaye, kama wengine walivyovuka kwa maelfu. Mama yangu mzazi alikuwa hai juu ya Fizi, kipofu, na alisema atavushwa ziwa siku atakapokuwa amekufa, kabla ya hapo asiguswe. Nilikuwa mtoto wake aliyebaki. Nani angemchotea maji? Hivyo miaka ikapita, huyu upande huu na yule upande ule, na katikati maji ambayo mtu akisimama kwenye mlima wa Fizi asubuhi ya kiangazi anayaona yote, pamoja na milima ya watu wengine nyuma yake.

Habari zake nilizipata kwa mama wa ndagala. Maana alipona yule mwanamke, akarudi pwani kwa watu wake, na kaka yake alikuwa na boti ya kuvusha bidhaa. Kila alipoweza alinipandishia ndagala wakavu na maneno. Aliniita kaka. Kwa watu alilalamika kwamba yeye, Mwislamu aliyelelewa vizuri, amewekewa damu ya Mubembe kama mimi, yenye kanyanga ndani, na sasa kila akipita penye pombe miguu inasita. Ndiye aliyenipa habari: mfupa umeunga lakini umeunga mfupi. Ametoka hospitali ya Kigoma, yumo kambini na watoto wetu waliovuka kumfuata. Anapika maandazi kuuza. Anauliza bega. Kila mara, mwishoni, anauliza bega.

Bega lilikuwa kavu. Jirani yangu mmoja mjane alijitolea kulipakaa, nikamshukuru nikakataa. Wazee wa lubunga, banda letu la mashauri, waliniita wakaniambia mwanaume halali peke yake kama fimbo iliyosahauliwa, nichukue mwanamke, vita haina mwisho. Niliwaambia wao wana wanawake wawili wawili na bado wanakuja lubunga kukimbia nyumba zao, waniache. Niliendelea kubeba. Na kila mwanamke niliyemweka begani nilimpima naye. Huyu ni mzito kumpita. Huyu ni mwepesi. Huyu labda ni sawasawa. Nilikuwa nimembeba kila mtu wa milima ile, wa kwetu na wa mbali, na uzito wa mtu mmoja tu sikuujua, kwa sababu siku aliyobebwa nilikuwa chini ya mti mwingine. Lile ndilo lililokuwa linaniamsha. Mtu anaweza kutamani chakula, anaweza kutamani kitanda. Mimi nilitamani mzigo.

Amani ilipokuja, ile amani yetu ya vipande vipande, boti za kurudisha watu zikaanza kutua Baraka. Mama yangu alikuwa amekwisha kuzikwa, hakuvushwa. Mama wa ndagala alinitumia neno kwamba bibi yangu yumo katika boti inayokuja. Nikakata mianzi mipya, nikanunua blanketi lenye maua, nikachukua wabebaji watatu, vijana niliowafundisha mwenyewe. Wa nne ni mimi. Nilikuwa nimewaza jambo hilo miaka yote na nilikuwa nimelipatia njia. Sheria inasema mwenye mgonjwa. Yeye alikuwa si mgonjwa tena. Alikuwa kiwete tu, na kiwete si mgonjwa. Kwa hiyo nitashika mti, mbele, kushoto.

Alishuka na fimbo. Alikuwa amekonda na amezeeka, nami pia. Mvua ilikuwa imekata barabara, gari halipandi. Nikamwonyesha kipoyi, nikamweleza hoja yangu ya sheria, vijana wakaitikia kwa vichwa. Alikizunguka kipoyi chote. Akapapasa blanketi.

"Iko muzuri," akasema. "Weka sufuria zangu ndani."

Nilimwambia aache mchezo, Fizi ni mbali na ni mlima. Ndipo akaniambia neno ambalo sikulijua. Kule kambini, kila asubuhi, alikuwa anatembea kwa fimbo mpaka penye bomba la maji na kurudi, akijiambia hapa ni Mutambala, hapa ni ile kona ya mawe, hapa unaanza kuona mabati ya kanisa. Ameipanda njia hii mara nyingi kuliko mimi, ni vile tu ameipandia ng'ambo.

"Sikufanya kazi ile yote nirudie kuwa muzigo yako," akasema.

Basi kipoyi changu kizuri kikabeba sufuria na magodoro, vijana wakikimbia nacho na kucheka, na mimi na yeye tukafuata nyuma, mahali pa wenye mgonjwa. Tulikwenda polepole. Tulilala njiani. Palipoanza mlima fimbo yake ikawa inateleza kwenye matope, akaitupa, akaja upande wangu wa kushoto, akaweka mkono begani. Nikahisi vidole vinatafuta chini ya shati. Kidole gumba kikapata kinundu.

"Imekuwa ndogo," akasema.

Nikamwambia ni ukavu.

Amekufa sasa, hata mvua za mwaka jana hazikumkuta. Ni homa, si risasi. Vijana walimbeba, na mimi nilipita nyuma kama sheria inavyotaka, na sikuwa na sufuria ya kushika, kwa hiyo sikujua mikono niiweke wapi. Wanafikiri sikuwahi kumbeba. Hata watoto wetu wanasema hivyo.

Lakini siku zile za kurudi kwake, toka Mutambala mpaka Fizi alikuwa begani mwangu, kila hatua aliyoikanyaga kwa mguu ule mfupi iliingia hapa, kidogo, halafu inatoka, halafu inaingia tena. Si uzito mkubwa. Nimebeba mabeseni yaliyo mazito kumpita. Nilitembea kwa magoti, kiuno kimetulia, kama na kipoyi, asitikisike. Karibu na mabati ya kanisa akasimama kupumua, akaniangalia kutoka upande, akasema:

"Geuza."

Nikamwambia mgonjwa hatoi amri ile, ni ya kapita. Akasema yeye si mgonjwa, nimekwisha kusema mwenyewe. Akahamia upande wa kulia, ambako hakuna kinundu, akaweka mkono. Tukamaliza mlima.